Msichana wangu wa fomu tatu ameandika storibuku nzima kwenye kaunta buku, nimwache ama nimzuie?

MamaLanet (Nakuru)

Habarini wadau. Naombeni mawazo maana hii kitu imeninyima usingizi. Binti yangu yuko fomu tatu, anasoma bodingi, shule sitaitaja. Juzi nikapigiwa simu niende kuona deputi. Njia yote kwa matatu nikawa najiambia amepatikana na simu, ama ni mambo ya kijana, kufika huko nikawekewa mezani kaunta buku, lile daftari nene, imefunikwa na gazeti, imejaa mwandiko wa mtoto wangu kutoka mwanzo mpaka karibu mwisho. Ni hadithi, maisha ya wasichana wa bodingi. Deputi anasema ameiandika saa za prepu, zile za kusoma jioni, anasema imezunguka bweni zote na wasichana wanaisoma na tochi usiku, halafu mbaya zaidi kuna mwalimu ndani ya hadithi ambaye anavuta suruali juu kila akianza kuongea, na shule nzima inajua ni mwalimu gani. Nikapewa barua ya onyo nisaini, nikapewa na hiyo kaunta buku niende nayo.

Sasa mimi niko na kibanda cha M-Pesa hapa Free Area, nikaanza kuisoma wateja wakipungua. Wacha niseme ukweli, huyu mtoto anaandika. Kuna msichana mmoja ameletewa chapati na mamake siku ya visiting, anazificha kwa sanduku chini ya sweta, siku zinaenda, chapati zinaota ukungu na bweni inaanza kunuka, wenzake wanamwita mchoyo, na yeye hawezi kugawa wala kutupa kwa sababu tangu aingie fomu moja ndio mara ya kwanza mamake amekuja. Hapo mteja alikuwa ananiuliza nambari ya wakala mara ya pili ndio nasikia. Na pembeni ya kurasa wasichana wameandika na penseli, "chapta ya tisa iko wapi", "usikubali afukuzwe aki", mwingine amelipa deni la biskuti hapohapo.

Baba yake anasema tuichome, KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ni mwakani. Dada yangu naye anasema tuipeleke ichapishwe haraka eti tutatajirika. Mimi swali langu ni hili, kuna mtu amewahi kuandika kitabu cha maana akiwa umri huu, na watu wakakisoma? Na kama yuko, baadaye maisha yake yalienda aje, maana sitaki aandike kimoja, aache masomo, halafu tuanze kuangaliana hapa nyumbani.

MpitaNjia_Kakamega

Mama, sikiliza mzee wa nyumba. Vitabu vya hadithi havilipi karo. Amalize KCSE kwanza, hadithi haitoroki. Ila usiichome, hiyo ni jasho ya mtoto.

Ticha_wa_Kondele (Kisumu)

Mama Lanet pole na hongera, zote mbili kwa pamoja. Nafundisha Kiingereza huku Kisumu na swali lako lina jibu, tena jibu zuri. Tafuta jina S. E. Hinton. Alizaliwa 1948 mji unaitwa Tulsa, jimbo la Oklahoma huko Marekani. Shule yao ya sekondari ilikuwa imegawanyika, watoto wa maskini upande mmoja na watoto wa wenye pesa upande mwingine, na walikuwa wanapigana vita ya kweli, si ya maneno. Siku moja rafiki yake akapigwa vibaya akitoka sinema kwa miguu, Hinton akafika nyumbani na hasira akaanza kuandika. Alikuwa na miaka 15. Sehemu kubwa aliandika akiwa 16, na wakati huo baba yake alikuwa mgonjwa, uvimbe kwenye ubongo, na ndio ulimuua. Kwa hivyo usidhani ni mtoto aliyekuwa na raha na nafasi.

Sasa shika hii umsomee deputi. Mwaka huohuo aliokuwa anaandika hicho kitabu, somo la uandishi shuleni alipata D. Amelisema mwenyewe mara nyingi.

Kitabu ni The Outsiders, kilitoka 1967 akiwa miaka 18 na mkataba ulimfikia siku ya kumaliza shule. Mpaka leo kimeuza zaidi ya nakala milioni 14. Lakini, na hapa dadako asikie vizuri, mwanzoni hakikuenda popote. Kilipangwa kwa rafu za maduka pamoja na storibuku za watu wazima, hakuna aliyejua ni cha wasomaji gani, mpaka kampuni iliyokichapisha ikaona kuna sehemu kinanunuliwa sana, kuangalia kumbe ni walimu wanafundishia darasani. Yaani kilichokiokoa ni vijana na walimu wao.

Kuhusu masomo, baba yake binti asitoe jasho. Hinton alienda chuo kikuu palepale Tulsa, akamaliza digrii ya ualimu 1970. Ualimu wenyewe alijaribu kwa mazoezi akaona si wake (namwelewa, ningeweza kuandika kitabu kuhusu hilo). Kitabu cha pili kilitoka 1971, na kati ya hicho na cha kwanza alikwama kabisa, umaarufu ulimfunga mikono. Aliyemtoa hapo ni boyfriend wake, wa chuoni, alimwekea sharti kurasa mbili kwa siku, kama hajaandika hizo mbili jioni hakuna kutoka. Walioana baadaye. Baada ya hapo Rumble Fish 1975, Tex 1979, halafu kimya mpaka 1988. Vitabu vitano vya vijana kwa miaka 21. Hakukimbizana na mtu.

Jirani_Eldama

Huyo Hinton namjua, kuna kitabu chake kilikuwa kwa laibrari yetu ya shule kimekatika kava. Jamaa anaandika vita vya magenge ni kama amekula hizo rungu mwenyewe. Nilikuwa nakisoma chini ya dawati wakati wa Hesabu.

Ticha_wa_Kondele (Kisumu)

@Jirani_Eldama si jamaa bana, ni mama. Susan Eloise. Kampuni ndiyo ilimshauri atumie herufi mbili tu kwa sababu waliona wahakiki wa siku hizo wakisoma jina la msichana juu ya kitabu cha vijana wanaochomana visu watakitupa kabla ya ukurasa wa kwanza. Na bado ukiangalia leo watu wanadhani ni mwanaume, wewe ni shahidi.

Jirani_Eldama

Weeeh. Yaani mimi na boi zangu wote tulikuwa tunamwita "buda Hinton". Sawa mama Hinton heshima.

MamaLanet (Nakuru)

@Ticha_wa_Kondele aki asante sana mwalimu, hiyo ya D nimemsomea baba yake akanyamaza, sijui kama ni kukubali ama ni mpira ulikuwa unaendelea. Lakini si huyo ni Mzungu wa Marekani na mambo yao? Huku kwetu nani amefanya hivyo, na mambo ya vijana wetu?

Msomaji_Kitale

Hapo ndipo naingia mimi, na nitampinga mwalimu kidogo. Hii hesabu ya umri mnaishikilia sana. Kuandika ukiwa 16 ni jambo la kushangaza, sawa, lakini kwetu aliyewashika vijana wa sekondari kuliko mtu yeyote ni Ken Walibora na hakuwa mtoto alipoandika Siku Njema. Kilitoka 1996, Longhorn, na wale tuliosoma sekondari miaka ile tunajua, darasa zima lilikuwa linamjua Kongowea Mswahili kama vile ni mwanafunzi wa darasa la jirani. Kijana kutoka Tanga, mamake mwimba taarabu, mamake anakufa, na yeye anatoka kumtafuta baba mpaka huku kwetu Kitale. Mnajua raha ya mtoto wa Kitale kufungua kitabu cha Kiswahili akute Kitale? Vitabu vingi kabla ya hapo Kiswahili kilikuwa kinaishi Pwani, kanzu na dhow na minazi, sisi huku ni mahindi na baridi, tulikuwa tunadhani hakuna mtu anaweza kutuandika.

Na Walibora mwenyewe alikuwa mtu wa huku, upande wa Bungoma na Trans Nzoia. Ukifuata kazi yake utaona vijana hawakumtoka, Ndoto ya Amerika 2001 ni kijana na zile ndoto zetu za kwenda ng'ambo, Kufa Kuzikana 2003 ni vijana wawili marafiki na ukabila umewaingilia katikati, Kidagaa Kimemwozea kilikuwa setbuku, yaani kitabu cha lazima cha mtihani, kuanzia 2013. Katikati ya hayo yote alikuwa anasoma habari kwa TV, akaenda Marekani akachukua PhD, akafundisha chuo kikuu cha Wisconsin. Kwa hivyo baba wa binti aone, hakuna mahali kuandika kulimzuia mtu kusoma. Alikufa Nairobi Aprili 2020, wakati wa korona, tukamzika huku Trans Nzoia na watu wachache waliokubaliwa. Hiyo bado inaniuma kwa sababu mtu kama huyo alistahili uwanja mzima.

Na kabla hajawa Walibora kulikuwa na Barbara Kimenye na vitabu vya Moses. Bodingi ya wavulana watundu huko Uganda, chakula kibaya, walimu wa ajabu. Aliyeandika ni mama aliyezaliwa Uingereza, akaolewa na mtu wa huku Afrika Mashariki, akafanya kazi Kampala kisha gazetini Nairobi. Hakuwahi kuwa mvulana wa bodingi hata siku moja na bado tulicheka. Ndio maana nasema umri si hoja, hoja ni sikio.

Ticha_wa_Kondele (Kisumu)

@Msomaji_Kitale nakubali kuhusu Walibora, hapo siwezi kubishana na mtu wa Kitale nikabaki salama. Lakini kuhusu umri bado nasimama. Moses ni kicheko, mtu mzima anaweza kuandika kicheko cha bodingi. Ile chapati ya kuoza kwa sanduku mtu mzima hangeandika, angeandika msichana anagawa chapati na wote wanakuwa marafiki na mwalimu wa zamu anatoa somo la ukarimu. Nimesahihisha insha maelfu, watoto wanafundishwa hivyo mpaka inawaingia damuni, kila hadithi lazima mkosaji apatikane, apigwe na gari ama apate mimba, halafu msimulizi aseme asiyesikia la mkuu. Hinton aliandika kwa sababu alichoka na vitabu vya wasichana wa wakati wake, vyote vilikuwa ni nani atanipeleka dansi ya shule. Hakuna mtu kwenye vitabu hivyo alikuwa na njaa ama ndugu mkubwa anayelea wadogo. Wazazi ndani ya kitabu chake karibu hawapo, wamekufa ama wamelewa, na ndio sababu huko kwao shule zingine zilikipiga marufuku, eti sigara, pombe, magenge, familia zilizovunjika.

Na bado ni wanafunzi waliokipigania. Filamu yake ya 1983 ilitokea kwa sababu mwalimu wa laibrari na wanafunzi wa shule moja huko California walimwandikia barua Francis Ford Coppola mwenyewe, yule mwongozaji filamu maarufu, wakamwambia geuza hiki kitabu kiwe filamu, na wakatia saini zao. Akakubali. Hinton ameonekana humo dakika kidogo akiwa nesi. Sasa mama, hizo penseli pembeni ya kaunta buku ya bintiyo ni kitu hichohicho.

MpitaNjia_Kakamega

Mwalimu umeongea vizuri lakini wewe haulipi karo ya huyo mtoto. Na hiyo barua ya onyo iko kwa faili. Akipata ya pili je?

Mhariri_wa_Webuye

Nimefanya kazi ya uhariri wa vitabu vya shule miaka mingi, sasa niko nyumbani, wacha niseme ya kazi maana ya moyo yamesemwa.

Mama, kwanza kabisa piga picha kila ukurasa na simu, leo, kabla ya kulala. Hiyo kaunta buku ni nakala moja tu duniani na iko kwa kibanda. Moto, maji ya mvua, baba yake, chochote kinaweza kutokea.

Huyu wa Kakamega ana hoja, prepu ni ya kusoma. Mwambie binti aandike likizo na wikendi tu, hiyo kanuni ya kurasa mbili inafaa kabisa, na shuleni abebe kijitabu kidogo cha kunukuu tu vitu anavyoona na kusikia. Hakuna deputi atakasirikia kijitabu cha mfukoni.

Mwalimu wa suruali. Hapo lazima abadilishe, si kwa woga, ni kwa sababu mbili. Moja ni sheria, mtu akijitambua kwenye kitabu kilichochapishwa na amechafuliwa jina anaweza kukupeleka kortini. Ya pili ni ufundi, mwalimu aliyenakiliwa vilevile huwa anachekesha shule moja tu, msomaji wa Homa Bay hamjui. Achukue tabia kutoka kwa walimu watatu awape mmoja, amwongezee na siri moja, hapo atakuwa mtu.

Kuhusu kutajirika, dadako apoe. Kwetu hapa mwandishi mara nyingi hupata karibu asilimia 10 ya mauzo, na pesa kubwa iko kwa kitabu kilichoidhinishwa na KICD, taasisi ya serikali ya mitaala, kiingie shuleni, na hapo foleni ni ndefu na maoni ni mengi. Na mtu yeyote atakayekuambia lete elfu hamsini tukuchapishie, huyo anauza uchapaji, hajasoma hata ukurasa. Kampuni ya kweli haichukui pesa ya mwandishi. Kitu kingine, binti yuko chini ya miaka 18, mkataba hauwezi kusainiwa na yeye peke yake, ni nyinyi wazazi, kwa hivyo msisaini kitu chochote ambacho kinasema mnauza haki zote kwa malipo ya mara moja. Hiyo nimeona ikiliza watu.

Mwisho, kuna watu watamwambia aongeze funzo. Mimi mwenyewe kazini niliwaambia waandishi hivyo kwa sababu soko lilitaka hivyo, vitabu vikauzwa na hakuna mwanafunzi aliyevisoma mara mbili. Asiongeze. Kwenye tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi kuna kitengo cha vijana, Kiswahili na Kiingereza, ila hiyo ni ya vitabu vilivyokwisha kuchapishwa, kwa hivyo ni safari ya mbele.

MamaLanet (Nakuru)

Jamani nawashukuru wote. Picha nimepiga zote, zimejaa kwa simu mpaka nikafuta video za harusi ya kina shemeji, mniombee asijue. Nimeongea na mzee kwa utaratibu, amekubali isichomwe, ameiweka juu ya kabati mahali anasema "pa usalama", na jana usiku nimemkuta sebuleni ameishika, ananiuliza huyu msichana wa chapati si ni kama yule mtoto wa jirani yetu wa zamani. Nikamwambia soma tu.

Tatizo lingine sasa. Nikienda na hizi kurasa kwa saiba hapa mjini wanitaipie, wanataka pesa kwa kila ukurasa na ni kurasa nyingi. @Mhariri_wa_Webuye kuna njia rahisi?

Mhariri_wa_Webuye

Usitaipishe. Kwanza mtaipaji atasahihisha Kiswahili cha wasichana wa bweni kiwe cha kamusi, na hapo umeua nusu ya kitabu. Pili faili itabaki kwa kompyuta ya watu. Ngoja likizo ndefu, mpe simu yako jioni, aandike mwenyewe kwa Google Docs akitazama kaunta buku. Akitaipi atakuwa anakata hapa anaongeza pale bila kujua, na hiyo ndiyo rasimu ya pili.

Msomaji_Kitale

Na mkianza kutaipi mtutumie chapta moja hapa, lakini si ya chapati, hiyo tumeshaambiwa yote. Nataka ya mwalimu wa suruali kabla hajarekebishwa.

Ticha_wa_Kondele (Kisumu)

@Msomaji_Kitale wewe ndio utaletea huyu mtoto barua ya pili.